Maji Kabla ya Ufagio

Mama mkwe wangu tulimzika migombani, nyuma ya nyumba, kati ya mumewe na binti yake. Watu walijaa. Alikuwa ameishi mpaka meno yote yamemwacha, na mtu wa umri ule akiondoka hakuna anayejitupa chini. Watu wanakula, wanakumbushana vituko vya marehemu, wanacheka, halafu wanajishtukia na kuinamisha vichwa. Mimi ndiye niliyelia. Nililia mpaka Deusi, mume wangu, ambaye ndiye hasa aliyefiwa na mama, akaja kuchutama karibu yangu na kuninong'oneza, "Mama Koku, jamani. Mama alikuwa amechoka, kapumzika. Mbona unalia hivyo?" Anajua vizuri sana nilikuwa namlilia nani. Ni vile tu katika nyumba ile kuna jina ambalo hatulitaji, na hatukuwahi kukaa kikao tukaamua hivyo; lilikufa midomoni mwetu sote pamoja, na miaka ikapita juu yake.

Asubuhi ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa uani na vikongwe wenzangu, tumenyoosha miguu, tunaota jua. Wasichana wawili, mmoja mjukuu wangu na mwingine wa jirani, wakapita mbele yetu na ndoo ya maji na kopo, wakaingia sebuleni kutoa nyasi za msiba. Nikasikia maji yakinyunyizwa ndani, cha, cha, cha. Moyo wangu ulishtuka kama mtu aliyeitwa kwa nguvu. Nikawa simo tena uani. Nikawa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba hiyohiyo kabla haijawekwa saruji.

Asiyekulia huku anahitaji kuelezwa habari ya nyasi. Wakati ule, Karagwe, nyumba nyingi sakafu ilikuwa udongo uliokandikwa kwa samadi ya ng'ombe, na juu yake sebuleni tulitandika nyasi ndefu zilizokatwa mlimani. Ndizo zilikuwa zulia na ndizo zilikuwa viti. Mgeni aliingia, akavua viatu kama alikuwa navyo, akakaa juu ya nyasi, akaletewa kahawa ya kutafuna. Siku za kwanza zilinukia vizuri mno, harufu ya mlima umeingia ndani. Halafu zinakauka, zinakanyagwa, zinavunjika vipande vipande, mpaka chini yake unakuta unga mtupu. Hapo mwenye nyumba anazifagia zote, anazipeleka migombani, anatandika nyingine. Na msiba ukitokea zinatandikwa nyingi zaidi, nene, kwa sababu waombolezaji wanalala humo, na ndani hapafagiwi hata kidogo mpaka siku ya kuanua matanga.

Niliolewa hapa Kituntu miaka michache baada ya vita ya Kagera, wakati sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi na waliobahatika waliipata kwa watu waliovuka mpaka wa Uganda usiku, pale Murongo. Kwetu ni upande wa Bugene, na hilo linatosha, maana kwetu hakuna kisa. Kisa kiko hapa. Bibi harusi siku hizo hakupimwa kwa uso wake wala kwa mapishi. Alipimwa kwa ufagio. Majirani walilala masikio yakiwa wazi kusikiliza ufagio wa nani unaanza kulia alfajiri, wa mama mkwe au wa mkwe, na ukisikika wa mama mkwe kwanza basi mwanamke umekwisha, habari zako zitafika kisimani kabla ya ndoo yako. Mimi nilifagia, weee! Nilifagia kama ninayetafuta sindano. Uani, ukumbini, sebuleni pembeni mwa nyasi, jikoni. Mama mkwe wangu, Mama Paskazia, alikuwa na jina kijiji kizima kwa usafi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kila nikimaliza aliinama mlangoni, akaitazama sakafu kwa ubavu kuelekea mwanga, kisha akasema, "Pale." Nikarudia pale.

Rafiki yangu katika nyumba ile alikuwa wifi yangu, Jeneroza. Sasa nimemtaja. Tulimwita Jene. Alikuwa rika langu, dada wa Deusi wa pekee, binti mmoja tu kwa baba yake na mama yake, mwembamba mpaka mifupa ya shingo ilionekana, na alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Tatizo ni kwamba kicheko kile hakikufika mwisho. Kilianza vizuri, kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka mluzi kifuani, na Jene akashika ukingo wa mlango na kuinua mabega juu, anaivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka shimoni. Tukimtazama alituonyesha kwa mkono tutazame pengine. Pumu. Neno hilo hatukulitumia. Tulisema kifua cha Jene, kama tungesema kitanda cha Jene.

Yeye ndiye aliyenifundisha nyumba. Mkwe hakuruhusiwa kusema na baba mkwe ana kwa ana, wala kula naye, wala kupita mbele yake, kwa hiyo mzee, ambaye sote tulimwita Tata, alizungumza nami kupitia Jene hata kama nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete hatua mbili tu kutoka kwake. "Jene, mwambie mke wa kaka yako ndizi za leo zimeiva vizuri." Jene naye kwa sauti ya karani wa mahakama: "Wifi, Tata anasema ndizi zimeiva vizuri." Nami: "Mwambie asante." "Tata, anasema asante." Mzee: "Mwambie ila maharage yana mchanga." Hapo Jene aligeuza. "Wifi, Tata anasema maharage ni matamu, hajawahi kula kama haya." Na mzee, ambaye alikuwa anasikia kila kitu, akasafisha koo tu na kuendelea kutafuna mchanga wake. Nilimpenda mzee yule. Tuliishi nyumba moja na kamwe hatukusemeshana, na nilimpenda.

Chumba cha Jene ndicho kilichokuwa na joto kuliko vyote, kwa hiyo ndicho alichopewa. Kilipakana na jiko, moshi wa mafiga ulipita juu ya ukuta usiofika paani ukajikunja humo. Kona moja kulikuwa na kitanda, kona iliyobaki palirundikwa magunia ya kahawa kavu, na mikeka ya kuanikia ilisimamishwa ukutani na mavumbi yake. Dirisha lilikuwa la ubao, dogo, limefungwa, kwa sababu kila mtu alijua adui wa kifua ni baridi. Msimu wa senene, wale panzi wa kula, tulikaa humo humo tukiwanyonyoa, mabawa yakipepea hewani mpaka yanaingia kwenye chai. Yote hayo yalifanywa kwa mapenzi. Mama Paskazia alikuwa akiingia mara kwa mara kuziba nyufa za dirisha kwa matambara, akimfunika binti yake mpaka kidevuni, akimwambia, "Tulia hapo, mwanangu, usije ukapigwa na upepo."

Ubao wa dirisha ulikuwa na tundu la jicho la mti. Asubuhi jua likiingia hapo lilichora mstari chumbani kuanzia dirishani hadi kwenye magunia. Siku moja nimetoka kufagia sebuleni, nikaingia kumpa uji, nikamkuta Jene amekaa kitandani anautazama mstari ule. Ulikuwa umejaa. Ndani yake vitu vidogo visivyo na idadi vilipanda, vikashuka, vikazunguka, vingine vinang'aa, na nilipoketi tu kitandani likaja wimbi jipya kutoka kwenye blanketi. "Unaona?" aliniuliza. "Wewe unakula ndizi. Mimi nakula haya." Nikacheka. Akanizuia mkono. "Sikutanii, wifi. Ukianza kufagia kule mimi nakusikia hapa." Akajigusa kifuani. "Nikikaa migombani napumua. Nikirudi ndani nafungwa. Baridi iko wapi? Baridi si iko huko nje?" Nilikuwa nimekua nikijua kwamba hewa ya ndani ni ya watu na hewa ya nje ni ya wanyama.

Mwezi wa kahawa ulipofika alizidiwa, tukampeleka zahanati, Mama Paskazia na mimi, tukimshika huku na huku na kumpumzisha kila tulipokuta gogo. Mganga alikuwa kijana mpole. Alisikiliza mgongo wa Jene kwa muda mrefu, akampa vidonge, halafu badala ya kuuliza kuhusu baridi akauliza, "Nyumbani mnafagiaje?" Mama Paskazia akanyooka. Kijana akaendelea, maskini, hakuona alichokanyaga. Alisema vumbi la ndani linamdhuru huyu dada. Nyasi, kahawa, moshi, mikeka. Dirisha lifunguliwe, magunia yatolewe, nyasi ziondolewe, na kabla ya kufagia wanyunyize maji. Mama Paskazia alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema asante, akajifunga kitenge vizuri. Tulipofika njiani ndipo alipofungua mdomo. "Mtoto mdogo yule. Ananiambia nyumba yangu ina vumbi. Mimi! Paskazia!" Machozi yalikuwa yanamlenga. Alikuwa ametukanwa mbele ya mkwe wake. Jene alijaribu, "Mama, hakusema chafu," lakini pumzi haikutosha kumalizia.

Na hapo ndipo mapenzi yalipogeuka kuwa maafa, maana mama yule alimtii mganga kwa namna yake. Kaambiwa vumbi linamuua mwanawe, basi atalipiga vita vumbi mpaka lihame wilaya. Kuanzia kesho yake tulifagia asubuhi, tukafagia mchana, tukafagia jioni. Nyasi zilizokuwa zikikaa miezi zikaanza kubadilishwa kila wiki, na kila zikitolewa ule unga wa chini ulipanda mpaka kwenye kenchi. Mikeka ilikung'utwa. Blanketi la Jene lilikung'utwa humo humo chumbani, dirisha limefungwa, mama akilipiga kwa fimbo kwa hasira zote alizonazo juu ya ugonjwa ule, na Jene amekaa pembeni na khanga puani, machoni mwake kuna kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anamwonea huruma mama yake. Wanawake wa jirani walipita wakasema, "Paskazia, nyumba yako inang'aa!" naye akajibu akihema, "Ni kwa ajili ya mtoto."

Tulitafuta njia yetu, mimi na Jene. Mama Paskazia alikuwa akienda shamba la mbali kupalilia, na akishapotea kwenye migomba tulifungua dirisha hadi ubao ukagonga ukuta, tukaburuta magunia mpaka ukumbini, nikachukua kopo nikanyunyiza maji kwa vidole kabla ya kufagia, kidogokidogo, kwa sababu sakafu ya udongo ukiimwagia inachubuka na kuwa tope. Jene aliketi mlangoni akinitania, "Padri, usinisahau na mimi," nami nikamrushia matone usoni. Ufagio ukipita juu ya unyevu haukuinua kitu. Tuliangalia kwenye mstari wa jua na kweli palikuwa patupu, mwanga mtupu. Kabla mama hajarudi tulirudisha magunia, tukafunga dirisha, sakafu ikawa imekauka. Maji yenyewe yalikuwa ya kupanda nayo kutoka bondeni, kwa hiyo nilishuka kisimani safari ya ziada, shingo ikaniuma kwa miezi. Jene akaanza kulala usiku. Akaanza kunenepa shavu. Jumapili moja akatembea kwa miguu yake mpaka kanisani akaimba sauti ya kwanza, na Tata, aliporudi, aliketi juu ya nyasi akasema kwa ukuta, bila kumtaja mtu, "Anayefanya anachokifanya humu ndani, asiache." Alikuwa anajua. Nililia nyuma ya matete yangu kwa furaha, kimya, mkono mdomoni.

"Nikipona kabisa," Jene alinieleza siku hiyo tukimenya ndizi, "nitaolewa mahali pasipo kahawa." Nikamuuliza ni wapi huko. "Popote. Niwe na nyumba ya saruji na madirisha manne. Na wewe uje unitembelee nikukaribishe kwenye kiti." Tulicheka, na kicheko chake siku hiyo kilifika mwisho. Nilikisikia kikiisha chenyewe, vizuri, kama cha mtu yeyote. Ningepewa kuchagua kitu kimoja cha mwaka ule nikitunze, ni hicho.

Mama Paskazia alitukamata, bila shaka. Alirudi mapema mvua ikitaka kunyesha, akakanyaga unyevu sebuleni. "Hivi umeona wapi nyumba inafagiwa kwa tope?" Aliniuliza mimi, si Jene. "Maji unatoa bondeni kichwani, unakuja kuyamwaga chini? Kwenu Bugene mna mto ndani?" Nikainamisha kichwa. Jene ndiye aliyesimama katikati yetu. "Mama, tazama ninavyosimama. Tazama ninavyosema na wewe. Nimekohoa?" Yule mama alimtazama binti yake muda mrefu. Niliona amemwona. Akageuka, akaenda kuanua kahawa. Hakutukubalia, lakini kesho yake alipokwenda shamba aliacha ndoo moja ya maji imejaa karibu na mlango, na hakusema ni ya nini. Nikajua tumeshinda. Nilijua hivyo kwa moyo wangu wote.

Wiki ileile Tata alianguka kwenye kahawa, kikapu mkononi, na hakuamka.

Sitasimulia msiba, misiba inafanana. Nitasimulia nyumba. Nyasi zilikatwa mlima mzima, zikatandikwa kila chumba, hata cha Jene. Waombolezaji waliingia na matandiko yao. Moto uliwashwa ndani kwa sababu ya mvua. Watu waliingia, wakatoka, wakalala, wakageuka, wakaangua vilio wakizipigapiga nyasi kwa mikono, na hakuna aliyefagia, maana hapafagiwi. Jene alirudi kuinua mabega. Nilimtoa nje kila nilipoweza, nikamkalisha migombani chini ya majani na mvua ikitudondokea, lakini binti wa marehemu hawezi kukaa nje ya matanga ya baba yake, kila mara walikuja kumrudisha. "Njoo ndani mama, utapigwa na baridi." Wote walikuwa wema. Sijawahi kuona watu wema kama wale.

Katika nyumba hii nyasi za msiba wa baba zinafagiwa na binti yake. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Anaanzia chumba cha ndani kabisa, anakuja nazo mpaka mlango wa mbele, peke yake, bila kuzungumza, na mlango unafunguliwa anapoufikia. Ndivyo mtoto wa kike anavyomsindikiza baba. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo hilo siku zote za matanga, sikupata usingizi. Asubuhi hiyo nilichukua ndoo na kopo nikaingia kunyunyiza. Shangazi yake Jene, dada wa Tata, alinishika mkono. Alikuwa mama mtu mzima, macho mekundu kwa kulia. "Unafanya nini, mkwe?" Nikamwambia nataka kulainisha nyasi, kifua cha Jene kibaya. Akashtuka kweli. "Umwagie maji kaka yangu? Alipolala kwa mara ya mwisho? Utamfukuza kama mbwa?" Wanawake wakaguna. Nikamtazama Mama Paskazia. Alikuwa amekaa ukutani na kitambaa cha ujane kichwani, na nilimwambia kwa macho, mama, sema, wewe unajua, wewe uliacha ndoo mlangoni. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Labda afagie mwingine." Shangazi akajibu, pole pole, bila ukali wowote, "Mwingine yupi, Paskazia? Kaka yangu alikuwa na binti mmoja. Watu waseme hakuzaa?"

Jene ndiye aliyelimaliza. Aliuchukua ufagio kutoka nyuma ya mlango. Nikamfuata, nikamshika kitenge, nikamwambia, "Wifi, usifanye, nakuomba, nakupigia magoti." Akanigeukia. Alikuwa akivuta hewa kati ya kila neno. "Ni baba yangu. Wewe ungeacha?" Kisha akajaribu kunitania, masikini ya Mungu, akasema, "Mwambie Tata ninakuja." Akaingia chumba cha ndani, nasi tukatolewa nje, wakavuta mlango wa mbele.

Tulisimama uani wote. Nilisikia ufagio. Nilisikia nyasi zikisukumwa, nikasikia kikohozi, ufagio ukasimama, ukaanza tena. Vumbi likaanza kutoka kwenye nyufa za dirisha na chini ya mlango, jembamba, la njano, linapendeza kwenye jua. Mama Paskazia alikuwa amesimama karibu yangu na nilisikia yeye pia anapumua kwa kuinua mabega, kama anamsaidia. Ufagio ulikuwa ukisimama muda mrefu zaidi na zaidi. Deusi akataka kuvunja mlango, wanaume wakamshika. Halafu mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Jene alikuwa amefika. Lundo lote la nyasi lilikuwa mbele ya miguu yake, naye mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kope, na wanawake wakapiga kigelegele cha kumpongeza, na yeye akauinua mkono mmoja kama anayetaka kusema kitu, akakaa chini juu ya nyasi za baba yake.

Wanaume walimbeba kwenye machela kuelekea hospitali, upande wa Bugene, wakikimbia, wakipokezana. Mimi na mama yake tulikimbia nyuma. Kabla hatujafika nusu ya njia waliokuwa mbele wakapunguza mwendo. Walipunguza tu, wakawa wanatembea, halafu wakageuka.

Tuliporudi naye, nyumba ilikuwa safi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe mpaka leo, na simjui wa kumsamehe. Sakafu ilikuwa wazi kila chumba, hapana jani hata moja, kona zote, hata chini ya kitanda chake. Mama Paskazia alisimama mlangoni, akainama kwa mazoea, akaitazama sakafu kwa ubavu kuelekea mwanga. Hakusema "pale." Hapakuwa na pale. Akaanguka. Na siku hiyohiyo ikabidi vijana warudi mlimani kukata nyasi, tutandike upya.

Siku ya kuanua matanga ya Jene hapakuwa na binti wa kufagia. Shangazi, ambaye alikuwa amezeeka kwa siku chache zile kuliko kwa maisha yake yote, hakupendekeza mtu. Mama Paskazia aliamka alfajiri, akashuka bondeni mwenyewe, mjane, jambo lisiloruhusiwa, akapanda na ndoo kichwani. Akafungua madirisha yote. Akaingia ndani mbele ya ukoo mzima akanyunyiza maji juu ya nyasi za mwanawe, kila chumba, polepole, kwa vidole, vilevile kama mimi. Alikuwa amewahi kutuchungulia, kumbe. Alipomaliza akatutazama. "Kuna mwenye neno?" Tulizitoa nyasi zile kwa mikono, zimelowa, nzito, na hazikuinua vumbi lolote. Zilitoka kirahisi kabisa. Nilizibeba kifuani nikazipeleka migombani, nikajitupa juu yake huko, nikalia mpaka Deusi akaja kuniokota.

Niliishi na mama yule miaka mingi baada ya hapo na hatukuzungumza juu ya siku ile. Nyasi hakuzitandika tena kwa raha, kwa misiba tu. Kahawa ilijengewa kibanda chake. Kila asubuhi aliingia kwenye chumba kile kisichokaliwa na mtu, akafungua dirisha, akanyunyiza maji, akafagia. Hakuniachia mimi kazi hiyo hata siku moja, hata mgongo ulipompinda. Na katika kila msiba wa jirani alikwenda na ndoo yake bila kuitwa, mpaka watu wakazoea, wakawa wanaiweka ndoo tayari. Mimi sikuwa na kosa, naye sidhani kama alikuwa nalo, na hilo halijatusaidia kitu.

Basi juzi niliinuka pale uani, magoti yakilia, nikaenda mlangoni kuwatazama wale wasichana. Mjukuu wangu alikuwa akinyunyiza, mwenzake anakusanya. Madirisha yalikuwa wazi. Mstari wa jua ulipita sebuleni na ulikuwa mtupu. Nikawauliza kwa nini wanatia maji kwanza.

"Ndiyo mila, bibi," yule wa jirani akanijibu, akinishangaa mtu mzima nisiyejua. "Lazima unyunyize. Eti marehemu apumue vizuri."

"Nani alianzisha?"

"Aah, zamani hizo! Enzi za mababu."

"Siyo zamani," nikamwambia. "Ni mwaka nilioolewa."

Nikamwomba kopo. Nikaingia chumba cha ndani, pale yalipokuwa magunia, nikachovya vidole, nikaanzia kwenye kona ya kitanda chake.